Paka, Panya na Tofali

Panya anarusha tofali. Linampata paka kisogoni, na badala ya kulia au kumkimbiza panya, paka anajaa furaha, maana kwake tofali hilo ni salamu ya mapenzi. Mbwa aliyevaa sare za polisi anatokea, anamshika panya na kumtupa jela. Kisa kimekwisha. Kesho yake panya yuko nje tena, anatafuta tofali jingine.

Huo ndio mzunguko wa Krazy Kat, katuni iliyochapishwa katika magazeti ya Marekani kuanzia 1913 hadi 1944. Mchoraji wake, George Herriman, alikaa na kichekesho hicho kimoja kwa zaidi ya miaka 30, siku za kazi na Jumapili, na mpaka leo wachoraji wakubwa wa katuni humtaja kama mwalimu wao. Mtu anayesimuliwa kisa hiki kwa mara ya kwanza atashangaa: tofali moja linawezaje kuchekesha kwa miaka yote hiyo? Jibu ni kwamba Herriman hakutegemea tofali limchekeshe msomaji. Nguvu zake zote alizimaliza njiani, kabla tofali halijafika: limetoka wapi, litapita wapi, nani analizuia, mwezi uko upande gani, jabali la nyuma limegeuka umbo gani. Msomaji anajua mwisho tangu mwanzo, kwa hiyo anabaki huru kufurahia safari.

Katuni yenyewe ilizaliwa pembeni. Lakini kwanza lilikuwepo soko lake: mwishoni mwa karne ya 19, matajiri wawili wa magazeti ya New York, Joseph Pulitzer na William Randolph Hearst, walikuwa wakigombania wasomaji, na mojawapo ya silaha zao ilikuwa michoro ya kuchekesha. Mji ulikuwa umejaa wahamiaji ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha. Picha waliielewa hata kama maneno yaliwapita. Mhusika wa Richard Outcault aliyejulikana kama Yellow Kid, mtoto wa mtaa wa kimaskini aliyevaa kanzu ya manjano, alianza kupata umaarufu katika gazeti la Pulitzer mwaka 1895, na mwaka uliofuata Hearst akamnyakua mchoraji wake kwa fedha. Herriman aliingia katika soko hilo akiwa kijana, akichora chochote alichoagizwa: wanamichezo, wanasiasa, vijisa vya siku mbili tatu.

Tarehe 20 Juni 1910 alianza kuchora The Dingbat Family katika New York Evening Journal. Ilihusu familia ya ghorofani iliyokuwa ikisumbuliwa na wapangaji wa juu yao, wapangaji ambao msomaji hawaoni kamwe. Chini ya michoro hiyo ilibaki nafasi tupu. Herriman, kwa maelezo yake mwenyewe, aliijaza tu ili isipotee bure, kwa kuchora paka na panya wa nyumba hiyo wakiendelea na mambo yao miguuni pa wenye nyumba. Tarehe 26 Julai panya alimrushia paka kitu kichwani. Wasomaji walipenda. Kijisa cha chini kikapata ukanda wake, na tarehe 28 Oktoba 1913 paka na panya wakahama kabisa na kupewa katuni yao. Tarehe 23 Aprili 1916 wakapewa ukurasa mzima wa Jumapili.

Wahusika wakuu ni watatu, na mahusiano yao yamepinduliwa kichwa chini. Krazy, paka, anampenda panya. Panya, Ignatz, ana mke na watoto watatu, na anamdharau paka kiasi kwamba hapati usingizi bila kumtwanga tofali. Mbwa, Offissa Bull Pupp, ndiye sheria ya mji, na kimoyomoyo anampenda paka ingawa hana ujasiri wa kutamka. Paka anampenda panya, mbwa anampenda paka, panya anapenda tofali. Ukilitazama vizuri tofali hilo utaona kwamba kila mmoja analisoma kivyake. Kwa Ignatz ni tusi. Kwa Pupp ni jinai. Kwa Krazy ni barua. Na kwa kuwa kila mmoja ameshikilia usomaji wake, siku inapoisha wote watatu wamepata walichokuwa wakikitaka: panya amepiga, mbwa amekamata, paka amependwa.

Hapo ndipo ucheshi wa Herriman unapotofautiana na ngano za wanyama tulizolelewa nazo. Katika visa vya Sungura na Fisi, msikilizaji anajua mapema nani mjanja na nani wa kuchekwa. Mmoja atashinda na mwingine ataondoka na aibu. Katika nchi ya Krazy hakuna anayeshindwa. Ignatz anadhani ameumiza, kumbe amefurahisha. Pupp anadhani amemlinda mpenzi wake, kumbe amemnyima raha. Asiyejua lolote, Krazy, ndiye anayelala akiwa ametosheka kuliko wote. Kicheko hakiangukii kwa mjinga. Kinaangukia kwa wale wawili wanaojiona wameelewa.

Herriman hakuliacha hata tofali bila ukoo. Tofali la Ignatz hununuliwa kwa Kolin Kelly, fundi anayechoma matofali katika tanuri lake. Paka hajali bei wala sababu, na hiyo ni biashara halali ya mji. Katika ukurasa mmoja wa Jumapili, mchoraji anamrudisha msomaji hadi Misri ya kale, kwenye kingo za Nile, kueleza asili ya desturi hii. Panya mmoja wa zama hizo, Marcantonni Mouse, alimpenda Kleopatra Kat, bibi yake Krazy wa vizazi vingi nyuma. Akaandika ujumbe wa mapenzi juu ya tofali na kumrushia mpenzi wake. Tangu hapo, anasema mchoraji, imekuwa mila: panya akipenda, anarusha tofali. Kwa hiyo Krazy si punguani anayefurahia kipigo. Anakumbuka jambo ambalo Ignatz amelisahau, na ukishausoma ukurasa huo, kila tofali linalofuata linabeba ujumbe ambao mrushaji hajui kwamba ameuandika.

Sehemu inayomfanya mtu akae na ukurasa mmoja kwa nusu saa, hata hivyo, ni mandhari. Mji wa wanyama hawa upo Coconino, jina ambalo Herriman alilichukua kutoka wilaya halisi ya jimbo la Arizona. Majabali yake yanatoka Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah, katika ardhi ya Wanavajo, watu wa asili wa eneo hilo. Ni nchi kavu, nyekundu, ambapo minara ya mawe yenye urefu wa hadi mita 300 imesimama peke yake juu ya uwanda, kila mmoja na umbo lake. Herriman aliipenda nchi hiyo kupita kiasi. Alikuwa akisafiri hadi Kayenta na kufikia kwa John na Louisa Wetherill, wenyeji waliokuwa na duka na nyumba ya wageni kule, na alirudi nyumbani na majina, rangi na nakshi za Wanavajo, ambazo baadaye zilijitokeza kwenye vyungu, kwenye vigogo vya miti na kwenye mapambo ya kingo za kurasa zake.

Chukua ukurasa wake wowote wa miaka ya mwanzo na uutazame taratibu. Tuseme Krazy na Ignatz wanazungumza. Katika fremu ya kwanza nyuma yao kuna jabali lenye umbo la mkono uliovaa glavu. Fremu ya pili, wao hawajasogea hata hatua, lakini jabali limekuwa mti uliopandwa kwenye chungu kilichochorwa nakshi. Fremu ya tatu kumeingia usiku. Mwezi umening'inia kama ganda la tikiti. Fremu ya nne mchana umerudi, na pale palipokuwa na mti pana nyumba. Wahusika hawashangai na hakuna anayeeleza. Ardhi inatembea, wao wamesimama. Msomaji wa mara ya kwanza anaweza asigundue hata kidogo, kwa kuwa macho yake yamefuata maneno. Akigundua, hawezi tena kusoma kwa haraka.

Kuna sababu ya kiufundi iliyomsaidia. Ukurasa wa Jumapili wa Krazy Kat haukuwekwa pamoja na katuni nyingine za rangi. Hearst aliuweka katika sehemu ya sanaa na tamthilia, na kwa miaka mingi ulichapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Kukosa rangi kulimlazimisha Herriman kuifanyisha kazi kalamu. Mistari yake inakwaruza, inatetemeka, inakatika. Usiku anaujenga kwa michirizi mizito ya wino, vumbi kwa nukta chache zilizotupwa. Na kwa vile alikuwa na ukurasa mzima mikononi mwake, hakulazimika kuugawa katika visanduku vilivyolingana. Mara fremu moja inanyooka kutoka juu hadi chini ili mtu aone urefu wa jabali. Mara mduara. Mara hakuna mpaka wowote, wahusika wanaelea katika weupe wa karatasi, na tofali linakatiza ukurasa mzima kabla ya kufika. Kati ya 1925 na 1929 alibanwa: ukurasa ulitakiwa uchorwe kwa mpangilio maalumu ili magazeti yaweze kuupanga upya kulingana na nafasi, na hapo mtu anaona wazi jinsi mchoro unavyokosa pumzi. Uhuru uliporudi, pumzi ikarudi. Rangi zilikuja 1935, na akazitumia kama mtu aliyezisubiri kwa muda mrefu: mbingu ya njano, jabali la zambarau, usiku mweusi kabisa nyuma ya paka mweusi.

Lugha ya wahusika nayo ni mchoro wa aina yake. Krazy anazungumza Kiingereza kilichochanganyika lafudhi za New Orleans, za Wayahudi wa New York, na vipande vya Kihispania, na Herriman huyaandika maneno yake kama yanavyosikika. Msomaji wa Nairobi aliyezoea kusikia Kiswahili, Kiingereza na lugha za mama zikikutana katika sentensi moja ya Sheng ataelewa haraka utamu wake. Herriman mwenyewe, anapoandika maelezo ya kando, hubadilika na kutumia lugha ya fahari, nzito, kama ya wahubiri na watunzi wa zamani, kisha anamwachia paka aivunje.

Mwaka 1918 alichora ukurasa ambao paka na panya wanakaa tu na kuzungumza. Krazy anauliza lugha ni ya nini. Ignatz anajibu kwa kujiamini kwamba ni ya kutuwezesha kuelewana. Paka anamhoji: je, wewe unamwelewa Mfini? Hapana. Na mtu wa Lapland, je? Hapana. Nao wanakuelewa? Hapana. Basi, anahitimisha Krazy, lugha ipo ili tusielewane. Ni ukurasa mmoja wa gazeti la Jumapili, umechorwa wakati mataifa ya Ulaya yako vitani, na katuni nzima imo ndani yake. Kama Krazy na Ignatz wangeelewana, tofali lisingerushwa tena.

Si wasomaji wote wa kawaida walioipenda. Wengi walilalamika kwamba hawaielewi, na wahariri wa magazeti kadhaa walitamani kuiondoa. Aliyeilinda alikuwa Hearst mwenyewe. Mtu huyo anakumbukwa kwa mengi, na si yote ya kusifiwa, lakini kwa Herriman alikuwa mlezi wa kweli: alimpa mkataba wa maisha na akaendelea kuichapisha katuni hiyo hata ilipobaki katika magazeti machache. Bila tajiri mmoja aliyependa kucheka na paka huyo, Krazy Kat ingekufa mapema.

Wasomi na wasanii waliipenda zaidi. Mwaka 1922 mtunzi wa muziki John Alden Carpenter aliitungia muziki wa dansi ya jukwaani ulioonyeshwa New York. Herriman alichora mandhari na kubuni mavazi, na Adolph Bolm alicheza kama Krazy. Mwaka 1924 mhakiki Gilbert Seldes alitoa kitabu cha kutetea sanaa za watu wa kawaida, The Seven Lively Arts, na humo akampa paka huyo sura nzima, akiiweka katuni ya gazeti juu ya kazi nyingine zote za sanaa zilizokuwa zikifanywa Marekani wakati huo. Mshairi E. E. Cummings aliandika utangulizi wa mkusanyiko wa 1946 na kuwageuza wahusika kuwa mafumbo ya siasa: panya ni mtu binafsi asiyetaka kutawaliwa, mbwa ni jamii na sheria zake, paka ni upendo unaowashinda wote wawili. Ni usomaji wenye heshima, na una ukweli fulani. Lakini unapunguza kitu. Krazy hafundishi demokrasia. Krazy anacheza, na mchezo wake hautaki ruhusa ya fumbo.

Jambo moja ambalo Cummings na Seldes hawakulijua lilikuja kujulikana mwaka 1971. Arthur Asa Berger, mwanasosholojia, alikuwa akikusanya taarifa za kuandika wasifu mfupi wa Herriman alipopata cheti chake cha kuzaliwa: New Orleans, 22 Agosti 1880, na kando ya jina la mtoto imeandikwa kwamba ni mtu wa rangi. Familia yake ilikuwa ya Wakrioli wa New Orleans, watu wenye damu iliyochanganyika ya Kiafrika na Kizungu. Alipokuwa mtoto, wazazi wake walihamia Los Angeles, na kule wakaishi kama Wazungu. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha ubaguzi katika kesi ya Homer Plessy, naye Mkrioli wa New Orleans vilevile, aliyekuwa amekamatwa kwa kukaa katika behewa la Wazungu. Ingekuwa vigumu kwa mtu mweusi kupewa meza katika chumba cha wachoraji wa Hearst. Wenzake kazini walimwita Mgiriki, kwa kuwa hawakujua wamweke wapi. Karibu kila picha yake inamwonyesha akiwa na kofia kichwani. Alipofariki, cheti cha kifo kilimtaja kuwa Mzungu.

Baada ya kujua hayo, kurasa fulani hazisomeki tena kama zamani. Kuna ukurasa ambao Krazy anageuka mweupe, na Ignatz, bila kumtambua, anamwangukia kwa mapenzi hadi anapogundua kwamba ni paka yuleyule mweusi wa kila siku. Kuna mwingine ambao Ignatz ndiye anayegeuka mweusi kwa masizi, na mara hii ni Krazy anayeshindwa kumtambua mpenzi wake na kumkataa. Herriman alivichora kama vichekesho na vinachekesha kweli. Wakati huohuo, mchoraji aliyekuwa akiviweka gazetini alikuwa akiishi kila siku katika hatari kwamba mtu mmoja angeweza kumtazama upya na kubadilisha mawazo. Vivyo hivyo jinsia ya Krazy: mara anatajwa kama dume, mara kama jike, na Herriman alipoulizwa alieleza kwamba Krazy ni kama kiumbe wa rohoni, hafungwi na upande wowote. Mwandishi Mmarekani mweusi Ishmael Reed alimtaja Herriman katika tabaruku ya riwaya yake Mumbo Jumbo ya 1972, mwaka mmoja tu baada ya cheti kile kupatikana, na mwaka 2016 Michael Tisserand alichapisha wasifu kamili unaofuatilia ukoo huo hati kwa hati.

Waliomfuata walijifunza kutoka kwake kwa njia tofauti. Charles Schulz, mchoraji wa Peanuts, alikiri deni lake. Bill Watterson, mchoraji wa Calvin and Hobbes, aliandika makala ya kumsifu, na mtu akitazama kurasa zake za Jumapili zenye majabali na nyanda za ajabu, anaona wapi macho yake yalikuwa yamefundishwa. Filamu za katuni ambamo mnyama mmoja anapanga mbinu za kumdhuru mwenzake kwenye jangwa tupu, na mbinu zinamrudia, ziko katika ukoo huo pia.

Herriman alifariki Los Angeles tarehe 25 Aprili 1944, akiwa na miaka 63. Mezani kulikuwa na michoro iliyokwisha kupigwa kwa penseli ikisubiri wino. Ukurasa wa mwisho wa Jumapili ulitoka tarehe 25 Juni, na unamwonyesha Pupp akimtoa Krazy majini, bila tofali. Katuni nyingi za magazeti hupewa mchoraji mwingine mwanzilishi akifa. Hii haikupewa mtu, na majivu ya Herriman yalitawanywa Monument Valley kama alivyotaka.

Kurasa zilizochapishwa kabla ya 1929 hazina tena haki miliki nchini Marekani, kwa hiyo nyingi zinapatikana bure mtandaoni, na mchapishaji Fantagraphics amezikusanya kurasa za Jumapili katika vitabu. Anayetaka kuanza aanze na zile za 1916 hadi 1924, azitazame kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu kama anaweza, na asizisome kumi kwa mkupuo. Zilichorwa zisomwe moja kwa wiki, na moja kwa wiki zinatosha. Msomaji ayapitie maneno kwanza, kisha arudi juu ya ukurasa na kutazama mawe.